Mtoto Aliyekata Tamaa Hawezi Kungoja Njia ya Bukavu

Mtu atokaye Baraka, katika teritori ya Fizi, Kongo ya Mashariki, akikusudia kumfikisha Bukavu mtoto aliyeelemewa na huzuni, hata akatamka kwamba hana haja tena ya kuishi, hana budi kuondoka alfajiri, akafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kupitia Mboko na Makobola mpaka Uvira, akapita uwanda wa Ruzizi hata Kamanyola, kisha akapanda milima ya Ngomo, iwapo mvua haijaikata barabara na iwapo wenye bunduki waliosimama njiani siku ile wameridhika na alichowapa. Na mwisho wa safari hiyo ndipo kilipo kituo cha Sosame, kilichoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1994, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa tegemeo la Kivu ya Kusini katika maradhi ya akili. Mwezi wa Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, na njia ambayo tangu awali ilikuwa ndefu na ya gharama ikawa pia njia ya kupenya katikati ya majeshi. Nimeitanguliza safari hii kwa sababu kila tunapozungumza habari za vijana waliokata tamaa, hakosekani mmoja barazani wa kusema, "Apelekwe kwa wataalamu," na akiisha kusema hivyo hujiona ametimiza wajibu wake wala hajainuka kitini, ilhali mtoto anayezungumzwa yuko umbali wa nyumba mbili, na usiku wake wa hatari huenda ukawa ni usiku huohuo.

Rai yangu ni hii: katika teritori ya Fizi, nusura ya kwanza ya mtoto anayefikiri kujiua itatoka kwa mtu aliye karibu naye kiasi cha kuona kwamba hakula, awe shangazi, mwalimu, mwuguzi wa kituo cha afya, mchungaji, shehe au mwanafunzi mwenzake, ama sivyo haitatoka mahali popote, na maadamu hali ndiyo hiyo, watu hawa wa karibu wanastahili kufundishwa, kusimamiwa na, kwa wale watakaoifanya kuwa kazi, kulipwa, badala ya kuachwa wabahatishe kwa huruma peke yake.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la Wazungu, kwamba sisi tuna ndugu wengi na dhiki tumeizoea. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 15 hata 29 hiyo ni sababu ya tatu ya kifo. Tena karibu robo tatu ya vifo hivyo vyatokea katika nchi za kipato kidogo na cha kati, ambazo yetu ni mojawapo. Ama kuizoea dhiki, nauliza ni nani aliyemzoesha mtoto. Wazee wa Fizi waliokimbilia Kigoma mwaka 1996, wakakaa Nyarugusu hata wakapata wajukuu humo, walikwenda na kumbukumbu ya maisha mengine waliyoyajua kabla ya vita; lakini kijana aliyezaliwa kambini, akarudishwa kwa meli mpaka bandari ya Baraka akaambiwa kwamba hapa ndipo kwao, akakuta shamba la babu lina mwenyewe mwingine, na mwaka 2024 akaona maji ya ziwa yakipanda na kumeza nyumba za ukingoni, huyo hana kumbukumbu ya amani ya kuegemea. Hali kadhalika mtoto wa Kirundi aliyekulia Lusenda tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 2015, na mtoto wa nyanda za juu za Minembwe aliyeona kijiji chake kikichomwa, na yule wa Makobola ambaye kwao mwezi wa Januari kila mwaka huanza na hesabu ya waliouawa walipokuwa wakifunga mwaka 1998. Wabembe, Wafuliru, Wabuyu, Wanyindu na Wanyamulenge wana mengi ya kugombania, lakini katika kukata tamaa watoto wao ni ndugu moja.

Hata hivyo tusifanye kosa la kuitwika vita kila kitu, kwa kuwa mtu akiisha kusema "ni vita" huwa amejipa ruhusa ya kutofanya lolote mpaka vita viishe. Mara nyingi linalomvunja mtoto ni jambo dogo lililokuja juu ya mengi. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari bado ni ya kulipia, na asubuhi moja prefe, yaani mkuu wa shule, husimama mbele ya mstari na karatasi mkononi, akayasoma majina ya wasiolipa mbele ya wasichana na wavulana wa madarasa yote. Tuseme yumo kijana wa miaka 15. Anatoka langoni, na badala ya kupita njia yake ya kila siku anazunguka nyuma ya soko, asije akaonwa na mama yake aliyetandaza ndagala juani na ambaye tayari ana deni la mavuno ya jana. Jioni anasema ameshiba. Juma lifuatalo anampa mdogo wake madaftari yote pamoja na kalamu na shati lake la Jumapili, naye mdogo afurahi; anaacha mpira; analala mchana na kukesha usiku; na siku moja, akiulizwa kwa nini hakuteka maji, ajibu kwa sauti isiyo na hasira, "Nimechoka, karibu mtapumzika na mimi." Watu wazima wanne walilisikia neno hilo. Mmoja alicheka, mmoja akamwita mvivu, baba akatafuta fimbo, na wa nne akanyamaza kwa kuogopa kwamba akiuliza atampa mtoto wazo asilokuwa nalo.

Ni huyu wa nne ninayetaka kuzungumza naye hasa, kwa kuwa ana moyo mwema na khofu yake ndiyo inayotugharimu. Waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani pamoja nao, wamekwisha kubainisha kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua hakumpandikizii fikira hiyo. Kinyume chake, mwenye nayo hupata faraja kwa kujua kwamba amepatikana mtu anayeweza kulisikia neno hilo asikimbie. Basi aulize. Aulize wakiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, mikono yote ikiwa na kazi, kwa maana mtoto husema zaidi akichambua sombe kuliko akikabiliwa uso kwa uso.

"Mwanangu, tangu juma lililopita naona huli, na madaftari yako umempa mdogo wako. Je, kuna saa unafikiri heri ufe?"

"Shangazi, usimwambie baba."

"Sitalitangaza barazani. Lakini sitakudanganya kwamba nitalikalia peke yangu. Tutachagua mimi nawe mtu wa kutusaidia. Usiku wa leo utalala kwangu."

Shangazi huyu hakusoma chuo chochote, na katika sentensi chache amefanya yaliyo magumu. Hakukana alichoambiwa wala hakumwambia mtoto ahesabu neema za Mungu. Hakuahidi siri ambayo ingemfunga. Hakumwacha peke yake. Limebaki la kuuliza kama mtoto amekwisha kuazimia namna na siku, na jibu likiwa ndiyo, hapo si suala la kesho: asiachwe peke yake hata dakika moja, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, na hapa Fizi hiyo ni pamoja na silaha iliyoachwa chini ya kitanda na jamaa aliye mwituni, na afikishwe kituo cha afya usiku uleule. Kuondoa vitu hivyo si jambo dogo la nyumbani. Ile saa kali ya kutaka kufa aghalabu hupita, pengine katika muda usiozidi usiku mmoja, na wengi waliozuiliwa katika saa hiyo waliishi hata wakazeeka. Kwa hiyo mwenye kufunga sanduku kwa kufuli amemnunulia mtoto muda, na muda ndio dawa ya kwanza.

Sasa, kituo cha afya kitafanya nini? Teritori yetu imegawanywa katika zoni nne za afya, Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe, na katika vituo vyake vingi mwuguzi aliyepo anajua kutibu homa, kuzalisha na kufunga jeraha, lakini kwa mtoto aliyekata tamaa hana ila kidonge cha usingizi na nasaha. Sisemi hivi kwa kumlaumu, kwani hakufundishwa. Nasema kwa kuwa inawezekana akafundishwa, na ushahidi haukutoka mbali. Mwaka 2013 jarida la waganga la New England lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika Kongo ya Mashariki kwa wanawake 405 waliofikwa na jeuri ya kingono au walioishuhudia, ambapo wale walioketi vikundivikundi na wasaidizi Wakongo, watu wenye elimu ya sekondari waliofundishwa na kusimamiwa barabara, walipata nafuu kubwa ya huzuni na khofu kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Hao walikuwa watu wazima. Lakini mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kuonekana karibu na Gulu, katika kambi za waliohamishwa na vita vya Uganda ya Kaskazini, kwamba vijana wa miaka 14 hata 17 waweza kusaidiwa kwa namna kama hiyo na wenyeji waliofundishwa. Na insafu yanitaka niseme kwamba nafuu ilionekana wazi kwa wasichana zaidi kuliko kwa wavulana, ambao yaelekea huwa wazito kusema mbele ya kikundi. Anayewafikiria vijana wetu waliorudi kutoka kwa wanamgambo wa Mai-Mai, au wale wanaochimba dhahabu Misisi tangu wakiwa na miaka 12, na azingatie hilo: wavulana hawa pengine watazungumza wakiwa kazini, wakitengeneza nyavu au wakisukuma pikipiki, na asiyejua kungoja hatawapata.

Na kuna habari ya Zimbabwe ambayo kila mkuu wa zoni ya afya angefaa kuijua. Dixon Chibanda, mmoja wa waganga wachache wa maradhi ya akili katika nchi ile, alikuwa na mgonjwa kijana wa kike aliyejiua mbali na Harare. Na alipomwuliza mama yake kwa nini hawakuja hospitali kama walivyoagana, mama akamjibu kwamba hawakuwa na dola 15 za nauli. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kusikiliza na kumwongoza mtu atatue tatizo moja baada ya jingine, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za huzuni baada ya miezi sita kuliko wenzao. Dola 15, na Harare kuna barabara ya lami! Nani atuhesabie nauli ya Baraka mpaka Sosame, pamoja na ya mzazi wa kumsindikiza, chakula cha njiani na ada zisizo na risiti?

Sharti hapa nitie hadhari, kwa kuwa nawajua watu wetu na nayajua mashirika. Wakisikia "wafundishwe," wataandaa semina ya siku mbili katika ukumbi wa Baraka, yenye bango, soda na perdiemu, ambamo mtaalamu aliyekuja kwa ndege atasoma karatasi kwa Kifaransa mbele ya wawakilishi ambao hawataonana na mtoto hata mmoja. Picha zitapigwa, ripoti itaandikwa, na mwezi wa tatu pesa zitakuwa zimekwisha. Bora fedha hiyohiyo imlipe mtu mmoja mwenye ujuzi azunguke vituoni mwaka mzima, akae na mwuguzi, asikilize alivyozungumza na watoto na kumrekebisha, kwa maana kazi ya kusikiliza mauti ikizungumzwa haibebwi na mtu peke yake bila naye kuvunjika. Wala tusijenge juu ya wageni peke yao. Desemba 2020 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), lililokuwa limehudumu Baraka kwa miaka mingi, lilitangaza kusitisha sehemu kubwa ya kazi zake Fizi baada ya watumishi wake kushambuliwa. Na asiyeona kwamba sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika hasara ile kwa kuwanyamazia wenye bunduki, ajitazame tena.

Ama viongozi wa dini, siwezi kuandika juu ya Fizi nikawapita, kwani makanisa yalijenga shule na hospitali, ile ya Nundu ikiwa ni ya kazi ya Wametodisti Huru, na mtoto mwenye dhiki hufika kwa mchungaji au shehe kabla ya kumfikia mganga. Sala na dua ni faraja ya kweli kwa aaminiye, na sina neno nazo. Neno langu ni juu ya kumfungisha mtoto siku tatu bila chakula, kumtangaza kwamba ana pepo au kwamba bibi yake ni mchawi, na kumwambia kwamba mwenye kufikiri kujiua amekwisha kulaaniwa. Kwa maana mtoto aliyejiona mzigo wa nyumbani akiambiwa pia kwamba ni mzigo wa Mungu, amefungiwa mlango wa mwisho. Hatumpigi fimbo mwenye malaria kwa kutetemeka. Mchungaji na amwombee, kisha amshike mkono mpaka kwa mwuguzi, na kesho yake arudi kumjulia hali.

Wasichana nao wana lao. Katika lubunga, pale wazee wa Kibembe wanapoketi kukata mashauri, msichana aliyebakwa au aliyetiwa mimba huzungumzwa yeye asiwepo: hupatanishwa baba na baba, hutajwa mbuzi na fedha, na pengine huozwa kwa yuleyule aliyemdhulumu. Wazee wanaona wameleta amani, na huenda baina ya koo mbili wameileta. Lakini yeye amesikia kwamba uhai wake una bei na bei imekwisha kulipwa, na akianza kukaa kimya nyuma ya nyumba pasiwepo mtu wa kustaajabu.

Kuna pia namna tunavyozungumza baada ya msiba. Kijana akijiua, mji mzima husimuliana jinsi ilivyokuwa, mahali, na barua aliyoiacha, na simu hupitisha picha ambazo hazikupasa kupigwa. Vijana wengine walio katika hali ileile husikia yote hayo na kuyachukua kama njia iliyofunguliwa. Vienna, mji wa Austria, waandishi walikubaliana mwaka 1987 kuacha kuzitia chumvi habari hizo, na vifo vya namna iliyokuwa ikiandikwa vikapungua sana. Radio zetu za jamii zaweza kufanya vivyo hivyo bila kutumia hata faranga moja, zikataja msiba pasipo kueleza namna, na zikawaita hewani vijana waliofika ukingoni wakarudi, wakipenda wenyewe, waseme ni nani aliyewashika. Wala mfiwa asiaibishwe, mtoto akanyimwa mazishi ya heshima. Aibu ile haimwadhibu aliyekufa, inawanyamazisha walio hai. Hata mahakama zimeanza kuelewa: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria iliyorithiwa kwa Waingereza ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inapingana na katiba.

Na wewe kijana ambaye labda umelichukua gazeti hili sokoni likiwa limefungia karanga: ikiwa fikira hiyo unayo, haikufanyi kuwa mbaya wala mwendawazimu, na wengi walioipata wako hai leo wakilea watoto. Usiku wa leo usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno yaliyonyooka, "Nafikiri kufa, nisaidie"; na wa kwanza akicheka, mwendee wa pili, na wa tatu, hata kama ni mwuguzi usiyemjua. Kucheka kwake ni ujinga wake, si hukumu juu yako.

Februari 2011 korti ya kijeshi yenye kuhamahama ilisafiri mpaka Baraka, ikaketi mbele ya watu wa kawaida, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliotendeka Fizi siku ya mwaka mpya. Majaji, mawakili, walinzi na makaratasi yao vyote vilifika mahali panaposemekana kwamba hapafikiki, kwa kuwa walikuwapo watu walioamua kwamba wanawake wa Fizi wasilazimishwe kuifuata haki mbali. Basi mkutano ujao wa zoni zetu nne, utakapoketi kugawa fedha za mwaka, upangiwe jambo moja katika ajenda na lisiwekwe mwisho ambapo watu wamekwisha kuvaa kofia: mwuguzi gani, katika kituo gani, atafundishwa kumhudumia mtoto anayetaka kufa, nani atamsimamia kila mwezi, na mshahara wake utatoka mfuko upi. Majina yaandikwe na yabandikwe kwenye mlango wa kila kituo na kila shule, kuanzia Mboko hata Misisi, ili shangazi ajue aende kwa nani.